Si barabara iliyotuumiza, ni buti la gari letu

1/12
Nyie akina baba mnaosoma kimya kimya halafu mnapita, nawaona, karibuni.

Niliwaahidi mwendelezo wa mada ya damu kwa wajawazito. Leo naendelea nayo, ila nitaipitisha barabara ya Bagamoyo, maana huko nimepata somo ambalo darasani sikulipata.

Jumamosi tulitoka wanawake wanne, tukafunga safari kwenda kula samaki wa barabarani. Tulikula vizuri, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Usiku wa siku hiyo hiyo mtoto mmoja akaumwa. Na kabla hata hajapata nafuu, kila mtu alishamjua mkosaji: "Vya barabarani hivyo! Si tuliwaambia?"

Hapana jamani. Mkosaji hakuwa barabara. Ndiyo maana naandika uzi huu mrefu. Naomba msome mpaka mwisho, msiishie hapa mkaenda kumnyooshea kidole mama wa watu anayekaanga samaki wake kwa usafi.

2/12
Niwatambulishe wasafiri, majina nayaficha.

Kuna Mwalimu, mwenye gari, ka-IST kake anakokapenda kuliko mume. Kuna Mama Mapacha, ana vijana wake wawili wa miaka minne, siku hiyo aliwaacha nyumbani na bibi yao. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka bila watoto tangu awazae. Miaka minne! Wanaojua wanajua. Kuna mjamzito wetu, mimba ya kwanza, miezi sita. Halafu mimi nesi wenu, mwenye mdomo mrefu.

Mjamzito wetu ndiye aliyeanzisha safari. Kliniki ya mwisho alipimwa damu akakutwa na 9.8. Kwa mjamzito tunataka isiwe chini ya 11. Vidonge vya kuongeza damu anameza, ila akaniambia kitu kilichonikera: "Dada, nyumbani nakula wali na mchicha tu. Mama mkwe amekataza samaki. Pweza ndiyo kabisa, anasema mtoto atazaliwa analegea kama hana mifupa. Mayai nayo hapana."

Nikamuuliza, "Na nyama je?" Akacheka. "Nyama ni bei, dada."

Mnaona hesabu hiyo? Mchicha umebaki peke yake kwenye sahani, halafu tunashangaa damu haipandi. Nikamwambia, Jumamosi jiandae.

3/12
Tulitoka asubuhi na mapema kukwepa foleni. Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju. Tulipofika Bunju nikawaambia wenzangu kwamba bunju ni jina la samaki pia, yule anayejivimbisha kama puto akiguswa, na kwamba huyo haliwi, ana sumu. Mwalimu akasema, "Umeanza." Ni kweli, nilikuwa nimeanza.

Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, tukaingia Bagamoyo. Kutoka mjini Dar ni kama kilomita 70 hivi, si safari ya kuandikia barua nyumbani. Ila kwa mama aliyefungiwa ndani na watoto, hizo kilomita 70 ni dawa. Nalisema hili kama nesi na si kama shabiki wa matembezi: mama anayelea anahitaji kutoka. Anahitaji kucheka na watu wa rika lake, ale chakula ambacho hakukipika yeye, amalize kukila kikiwa bado cha moto. Mama akichoka mpaka ndani ya roho, nyumba nzima inaumwa.

Tulifikia ufukweni, sokoni kwa samaki. Kama hujawahi kufika, picha ni hii: ngalawa na mashua zinaingia, samaki wanamwagwa, mnada unapigwa hapo hapo, na pembeni kuna akina mama na makarai yao makubwa juu ya moto wa kuni, mafuta yanachemka, moshi unakuingia mpaka kwenye mtandio. Changu, vibua, tasi, ngisi, kamba. Harufu yake hata aliyeshiba anakaa chini.

4/12
Sasa mimi miaka yote pale kliniki nimekuwa nikiimba wimbo mmoja: "Akina mama, msile vya barabarani." Naimba bila kufikiri. Siku hiyo nikasimama mbele ya karai la mama mmoja wa makamo, nikaanza kukagua kama afisa afya.

"Shikamoo mama."
"Marahaba wanangu, karibuni."
"Samaki hawa wametoka saa ngapi?"

Hakukasirika. Akamwinua mmoja mbichi, akanifunulia shavu: jekundu. Akanionyesha macho: yamejaa, yanang'aa. Akabonyeza nyama kwa kidole, ikarudi. "Hawa wa alfajiri hii. Wale pale," akaonyesha beseni la jirani, "wa jana, nenda ukale ukitaka."

Pembeni yake ana ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Kisu cha kuparia samaki wabichi ana chake, koleo la kutolea waliokaangwa ni jingine. Mbichi huku, waliokwiva kule, wamefunikwa. Samaki anatoka kwenye mafuta anaingia kwenye sahani yako.

Nikajiuliza: kati ya mama huyu na jikoni kwangu siku ya Jumapili, wapi ni pasafi zaidi? Jibu nalijua, na silisemi hapa.

Akamtazama mjamzito wetu tumboni. "Huyu mpe wawili. Mimi nimezaa sita, wote kwa samaki hawa hawa." Akamkamulia ndimu juu yake.

Hajasoma lishe yule mama. Ila kila alichofanya pale ndicho ninachofundisha.

5/12
Tukae hapo kwenye sahani ya mjamzito kidogo, maana ndiyo mada yetu.

Madini ya chuma yaliyo kwenye samaki na nyama mwili unayapokea kirahisi kuliko yale ya kwenye mchicha, matembele au maharage. Na ukila samaki pamoja na mboga, samaki anausaidia mwili kuvuta hata chuma cha ile mboga. Ndimu inasaidia pia, kwa sababu ya vitamini C. Chai ya rangi inafanya kinyume, inazuia. Kwa hiyo chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya kula, na usiitumie kumezea vidonge vya damu.

Samaki ana protini ya kumjenga mtoto, na samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa wana mafuta mazuri yanayosaidia ubongo wa mtoto tumboni na wakati wa kunyonya. Pweza naye hajaachwa nyuma, ana chuma na vitamini B12, na hiyo B12 inahusika na kutengeneza damu. Mtoto hatazaliwa analegea kwa sababu ya pweza. Mifupa ya mtoto inajengwa na chakula cha mama, siyo na umbo la alichokula. Ingekuwa umbo linahama, waliokula kuku tungezaa watoto wenye mabawa.

Mara mbili mpaka tatu kwa wiki mama mjamzito ale samaki waliopikwa wakaiva. Dagaa wanahesabika. Wa ziwani wanahesabika pia, sato, dagaa wa Mwanza, wote. Usione kama lazima uwe na bahari mlangoni.

Mjamzito wetu alikula wawili, na wa tatu akamnyang'anya Mwalimu.

6/12
Kurudi tulisimama Tegeta jioni, kwenye kijiwe cha pweza. Mnavijua: meza ndogo, taa, sufuria la supu linatokota, pweza mwekundu amelala juu ya ubao, vijiti vya kuchomea vipande, kopo la pilipili. Na wanaume wamezunguka, kila mmoja na kikombe chake, wanakunywa supu kwa siri kama wanachanjwa.

Tulivyofika kimya kikaingia. Mmoja akasema, "Dada zangu, hii supu ni ya akina baba."

Mjamzito wetu akamjibu, "Kaka, akina baba mmeshamaliza kazi yenu, hii hapa," akajishika tumbo. Kijiwe kizima kikaanguka kicheko. Akapewa kikombe cha bure.

Tulicheka, ila nikawaza. Huyu pweza anatoka wapi? Pwani yetu yote, Zanzibar mpaka Kusini, maji yakikupwa sana utaona wanawake wanatembea kwenye miamba na vijiti vyao, wanachokoa pweza kwenye mashimo. Mama anainama juani kumtafuta, mama anampiga mpaka alainike, mama anamchemsha. Akifika kijiweni anakuwa chakula cha baba. Na mama mwenye mimba, mwenye damu 9.8, anaambiwa ni mwiko.

Hayo mambo mengine mnayomtafutia pweza mimi siyajadili, kazi yangu haiko huko. Ila nasema hivi: nyumba ikiwa na kipande kimoja cha pweza, mwenye mimba ale kwanza.

Na kiafya, supu inayotokota muda wote ni kati ya vitu salama kuliko vyote barabarani. Kinachonitia wasiwasi ni kikombe, kinachosuuzwa kwenye ndoo moja ya maji tangu magharibi. Sisi tulikuwa na vikombe vyetu kwenye gari. Nawashauri na nyie mfanye hivyo.

7/12
Sasa tunakuja kwenye lile buti.

Asubuhi kule mnadani Mama Mapacha alinunua jodari mzuri, wa kuwapelekea wanawe. Alijiona ana deni kwao, si mnatujua sisi mama, tukifurahi saa moja tunajiona tumeiba. Samaki akawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo ikaingia kwenye buti. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikasema: "Tutanunua barafu hapo mbele."

Hatukununua. Hapo mbele tulikula, tukakaa chini ya mwembe, tukapiga picha, tukanunua madafu, tukaenda kutazama magofu Kaole, tukasimama kwa pweza. Gari limesimama juani mchana kutwa. Jodari yumo ndani. Nesi yupo, anatoa darasa la bunju.

Usiku Mama Mapacha akamkaanga. Hakuwa na harufu mbaya. Akampika vizuri, akaiva. Pacha mmoja hapendi samaki, akala wali. Mwingine akala vipande viwili, na mama akala naye.

Saa tatu na nusu usiku simu ikalia. "Dada, mtoto amekuwa mwekundu uso mzima. Anasema mdomo unawasha kama pilipili, na samaki sijaweka pilipili. Ametapika. Moyo unamwenda mbio. Na mimi kichwa kinanigonga, uso unawaka."

Nikakaa kitandani. Nikakumbuka ndoo.

8/12
Niwaeleze kwa lugha nyepesi, maana watu wengi hawalijui hili, na hata kwenye vituo vya afya wakati mwingine linapita bila kutambuliwa.

Jodari, vibua, nguru na ndugu zao wana kitu kwenye nyama yao ambacho, samaki akikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria wanakigeuza kuwa histamini. Ni kemikali ile ile ambayo mwili wako unaitoa ukipata mzio. Ukila samaki mwenye histamini nyingi, ndani ya dakika chache mpaka saa moja au zaidi kidogo uso unakuwa mwekundu na kuwaka, mdomo unawasha, vipele vinatoka, kichwa kinauma, moyo unakimbia, unatapika au kuharisha.

Mambo matatu ya kushika hapo:

Moja, kupika hakuiondoi. Moto unaua bakteria, ila histamini iliyokwisha kutengenezwa inabaki. Hata ukimkaanga akakauka.

Mbili, samaki anaweza asinuke kabisa.

Tatu, dawa ni kinga, na kinga ni baridi. Barafu tangu anaponunuliwa mpaka anapoingia kwenye sufuria au friza.

Nilimwambia Mama Mapacha asisubiri, ampeleke mtoto kituo cha afya cha jirani na yeye apimwe. Nilimweleza aseme walikula nini na saa ngapi. Walipewa dawa ya mzio, wakaangaliwa, usiku wa manane wakarudi nyumbani, mtoto kalala. Alhamdulillah, Mungu mkubwa, kila mtu aseme kwa dini yake. Mara nyingi hali hii inaisha yenyewe ndani ya saa kadhaa, lakini mtoto mdogo anayetapika na kubadilika rangi siyo wa kumkalia nyumbani ukimtazama.

9/12
Asubuhi ndipo kesi zilipoanza.

Bibi yao mapacha: "Mmeenda kula uchafu huko barabarani mkamletea mtoto. Na kuanzia leo mjukuu wangu ana aleji ya samaki, asipewe tena."

Habari ikatembea, ikafika kwa mama mkwe wa mjamzito wetu. Simu: "Si nilisema? Sasa hata harufu ya samaki isiingie humu ndani." Huyu mjamzito hakula yule jodari hata kidogo. Alikula kwa yule mama wa karai na kijiweni, na hakuumwa hata tumbo.

Mnaona jinsi kosa langu la kusahau barafu lilivyotaka kuwanyima watu wawili chakula? Mtoto wa miaka minne asile samaki maisha yake yote. Mwanamke mwenye damu 9.8 arudi kwenye mchicha peke yake. Na yule mama wa Bagamoyo, aliyefanya kila kitu sawa, ndiye anayebeba lawama asiyoijua.

Nilienda mwenyewe nyumba zote mbili. Nilipiga magoti kwa bibi, nikamwambia, "Mama, kosa ni letu. Samaki alikaa kwenye gari mchana kutwa bila barafu. Mimi nilijua na nilisahau." Akanitazama. "Wewe nesi?" "Mimi nesi, mama." Akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Basi angalau umesema."

Lilikuwa gumu, siwadanganyi. Ila lingebaki hivyo hivyo, lingekuwa gumu zaidi kwa mtoto.

10/12
Kuhusu "aleji" sasa, tuelewane, msije mkaondoka na nusu habari.

Yaliyompata pacha hayamaanishi ana mzio wa samaki. Kabla ya siku hiyo alikula samaki mara nyingi bila shida, na siku hiyo yeye na mama yake wameumwa kwa pamoja kutoka sahani moja. Hiyo inaelekeza kwenye samaki, siyo kwenye mwili wa mtoto. Daktari alimwona tena na kusema aendelee kula.

Mzio wa kweli upo. Mtoto akila samaki au kamba akavimba midomo au uso, akakohoa, akapumua kwa shida au sauti ikabadilika, hiyo ni dharura, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Na kama inamrudia kila anapokula, hata samaki awe ametoka baharini sasa hivi, usimpe tena mpaka daktari amwone.

Kwa mnaoanza kumlisha mtoto: akitimiza miezi sita samaki anaruhusiwa. Aliyeiva, aliyepondwa, aliyetolewa miiba kwa vidole vyako mwenyewe na siyo kwa macho. Pweza na ngisi ni kama mpira, mtoto mdogo havitafuni, vinaweza kumkaba. Mchopolee vidogo vidogo kabisa au msubiri akue.

Na mwiba ukikwama kooni, acheni ule mtindo wa kumezesha tonge la ugali au ndizi. Unaweza kuuzamisha zaidi. Nendeni kituo cha afya.

11/12
Nirudi kwenye wimbo wangu wa zamani, "msile vya barabarani." Nimeuacha. Kwa sababu haumsaidii mtu. Mama hana pesa ya hoteli, samaki wa barabarani ndiye anayemmudu, na nikimkataza bila kumfundisha atakula nini? Atarudi kwenye mchicha, au atakula tu kwa kujificha bila kujua cha kuangalia.

Kuanzia sasa wimbo ni huu. Kabla hujakaa kijiweni, angalia:
• Anapikwa mbele yako na unapewa wa moto? Aliyekaangwa asubuhi na kuwekwa wazi mpaka jioni, mpite.
• Kuna maji yanayotiririka na sabuni, au beseni moja la wote?
• Wabichi na waliokwiva wametenganishwa?
• Mafuta yana rangi ya mafuta au yamekuwa meusi kama oili chafu?
• Kachumbari na pilipili mbichi zimeoshwa na maji gani? Ukiwa na wasiwasi, ziache. Ndimu nzima uikamue mwenyewe. Na msijidanganye, ndimu haipiki samaki.

Na vya kukataza kweli, siyo vya mama mkwe, ni hivi. Samaki au chaza wabichi, mjamzito na mtoto hapana. Papa, sulisuli na nduaro, mjamzito na anayenyonyesha waepuke, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao wanakusanya zebaki mwilini. Bunju hapana kwa yeyote.

Na kasa. Hapa nasema kwa uchungu. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliofariki. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha. Nyama hiyo inaliwa kwa sherehe, inaitwa chakula cha asili, na hakuna aliyemwekea mjamzito mwiko. Tunamkataza pweza anayejenga, tunamkaribisha kasa anayeua. Ndiyo maana nasema mwiko wetu umekaa mahali pasipo pake.

12/12
Namalizia.

Wiki hii mama mkwe amekubali vibua mara mbili kwa wiki, wawe wamenunuliwa asubuhi na kupikwa asubuhi. Pweza bado hajakubali, amesema "tutaona". Mimi "tutaona" ya mama mkwe naihesabu kama ushindi. Damu tutapima tena kliniki ijayo na nitawaletea majibu, yawe mazuri au mabaya.

Mwalimu amenunua deli, amelifunga kwenye buti la ka-IST na kuandika kwa maki peni: BARAFU KWANZA. Kila akiniona ananionyesha.

Ombi langu kwenu ni moja. Mtu akiumwa nyumbani, kabla hamjamtaja mama ntilie, muuza samaki au "vya barabarani", ulizaneni kwanza: chakula kilinunuliwa saa ngapi, kilikaa wapi, kilikaa muda gani, nani aliosha mikono? Mara nyingi jibu liko ndani ya nyumba, au ndani ya gari. Halafu akipatikana mwenye kosa, aseme. Nimejaribu, mtu hafi.

Na mama mwenye watoto wadogo unayesoma hapa, uliyesahau mara ya mwisho kula chakula cha moto ni lini: tafuta marafiki watatu, tafuta siku moja, watoto waachie bibi au baba yao. Nenda ukale samaki. Beba kikombe chako, sabuni na barafu.

Niambieni hapo chini: kwenu mjamzito anakatazwa kula nini, na nani ndiye aliyekataza? Nitakusanya majibu yenu, uzi ujao tutaupitia mmoja mmoja. Mwenye dalili usiniandikie mimi, nenda kituo cha afya kwanza.

Nesi wenu.